Radi iliyomeza maneno: filamu yako imekatwa au imechakaa?

Swali: *Nina mkusanyiko wa filamu za zamani za Marekani. Nyingi nimezitoa kwenye intaneti, chache ni diski nilizoachiwa na mjomba. Katika Frankenstein ya 1931, daktari akishapiga kelele kwamba kiumbe chake ki hai, radi inalipuka. Mdomo wake unaendelea kusema lakini maneno hayasikiki. Katika Dracula ya mwaka huohuo kimya kimetanda kila mahali, hata Dracula anapouawa. Na katika His Girl Friday maneno yanarukwa katikati ya sentensi. Rafiki yangu anasema yote hayo ni kazi ya wadhibiti wa enzi zile. Ni kweli? Nitautofautishaje mkasi wa mdhibiti na ubovu wa nakala? Tena nikitazama kwa simu, kuna filamu ambayo muziki unasikika vizuri ila mazungumzo hayapo kabisa.* (Mpenzi wa sinema, Tanga)

Jibu: Ndugu yangu wa Tanga, rafiki yako amepata moja na nusu kati ya tatu. Frankenstein ni udhibiti mtupu. Dracula ni nusu kwa nusu, na kile kifo ulichokitaja mwishoni ndicho hasa kilichoguswa. His Girl Friday ni uchakavu. Hilo la simu halihusiani na mdhibiti yeyote, ni chaneli za sauti tu, nitalifikia.

Tuanze na radi. Frankenstein ilipotoka mwaka 1931, Hollywood tayari ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilizopitishwa 1930 na kuitwa na wengi Kanuni za Hays, kwa jina la Will Hays aliyeongoza chama cha studio. Lakini miaka ile ya mwanzo kanuni hizo zilikuwa za kwenye karatasi zaidi. Meno ziliota katikati ya 1934, Joseph Breen alipokabidhiwa ofisi ya kuzisimamia: filamu isiyo na cheti chake haikuingia kwenye kumbi za studio kubwa, na studio iliyokiuka ilitishiwa faini ya dola 25,000. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba amri hiyo iliwakamata hata wazee waliokwisha kuzaliwa. Studio ikitaka kuirudisha sokoni filamu ya 1931, ilibidi iombe cheti upya.

Universal, studio iliyoitengeneza, ilipotaka kuirudisha Frankenstein kumbini mwishoni mwa miaka ya 1930, ikaambiwa iisafishe. Katika tukio lile la maabara, mwenzake daktari anamkemea kwa jina la Mungu, naye Henry Frankenstein, akiwa amepagawa kwa furaha, anajibu kwamba sasa anajua inakuwaje mtu kuwa Mungu. Kwa Kanuni za Hays hiyo ilikuwa kufuru. Kulikata tukio lote kusingewezekana, maana ndilo kilele cha filamu. Basi wakaacha picha na kushughulikia sauti: ngurumo ya radi ikapandishwa juu ya maneno. Kwa kuwa nje kuna dhoruba tangu mwanzo wa tukio, radi moja zaidi haimshangazi mtu. Wewe uliiona kwa sababu ulitazama mdomo.

Sehemu nyingine iliyoondolewa ni ya yule binti mdogo kando ya ziwa. Katika filamu kamili kiumbe anacheza naye kwa kutupa maua majini yanayoelea. Maua yakiisha anamtupa binti mwenyewe, akidhani naye ataelea, kisha anatahayari na kukimbia. Wakakata pale anaponyoosha mikono kumshika. Kinachofuata ni baba amebeba maiti ya mwanawe mjini. Ukiniuliza mimi, mkasi ule uliifanya filamu iwe chafu kuliko ilivyokuwa, kwa sababu mtazamaji anaachwa ajaze mwenyewe kilichotokea katikati, na akili ya mtu mzima hujaza mabaya. Kipande hicho kilirudishwa katika miaka ya 1980 kutoka nakala iliyohifadhiwa Uingereza. Maneno yaliyofunikwa na radi nayo yalirudi, na chanzo chake kilikuwa santuri. Katika miaka ile ya mpito kutoka filamu bubu baadhi ya kumbi zilikuwa bado zinapiga sauti ya filamu kutoka kwenye santuri, kwa hiyo studio zilitoa sauti kwa njia zote mbili. Santuri iliyosahaulika kabatini haikuwahi kufikiwa na wadhibiti. Kwa hiyo kama nakala yako bado ina radi, ni ya ukoo wa ile iliyosafishwa, na aliyeiweka kwenye intaneti huenda aliitoa kwenye kanda ya zamani ya televisheni.

Sasa Dracula. Kile kimya kirefu ni cha asili. Mwaka 1931 ni mapema mno katika filamu za sauti. Desturi ya kuweka muziki chini ya kila tukio ilikuwa haijashika. Dracula inafungua kwa muziki wa Swan Lake, na baada ya hapo muziki ni wa kuokoteza, kama ule wa ukumbi wa tamasha ambako wahusika wenyewe wanasikiliza. Mlango unalia, mbwa mwitu wanabweka kwa mbali, halafu hakuna kitu. Sisi tuliozoea fidla zituambie lini tuogope huona kama kuna kitu kimepotea. Hata wenye filamu nadhani waliona hivyo, kwani mwishoni mwa miaka ya 1990 Philip Glass aliitungia muziki mpya. Ukipata nakala yenye fidla mwanzo mpaka mwisho, hiyo ndiyo.

Lakini kifo chake kiliguswa kweli. Dracula anachomwa kigingi nje ya fremu: hatuoni, tunasikia. Katika filamu ya awali kuna kuguna kwake akikata roho. Iliporudishwa sokoni 1936, miguno ile ilipunguzwa, na vilevile mayowe ya Renfield anapouawa na bwana wake ngazini. Picha haikukatwa hata fremu moja mahali hapo, kwa sababu hapakuwa na cha kukata. Kosa lote lilikuwa masikioni. Pia, wasije wakaudhika watu wa dini, waliondoa hotuba ya mwisho, ambamo mwigizaji wa Van Helsing, adui wa Dracula, alijitokeza mbele ya pazia kuwaambia watazamaji kwamba viumbe kama Dracula wapo kweli. Miguno na mayowe yamerudishwa katika matoleo ya baadaye ya Universal.

Nitakuonyesha namna ya kutofautisha kimya cha asili na kimya cha kupikwa. Vaa vipokea sauti vya masikioni, ongeza sauti, kisha sikiliza kile kilicho chini ya kimya. Filamu ya 1931 ina mchakacho wake, kama mafuta yanayochemka kwa mbali, na haukomi hata watu wote wakinyamaza. Huo ndio mlio wa ukanda wenyewe. Kimya ambacho mchakacho unaendelea ndani yake ni kimya cha mwongozaji. Kimya ambacho hata mchakacho unazimika ghafla kisha unarudi ghafla, hapo mkono wa mtu umepita. Tahadhari moja: siku hizi watoaji wa diski hupenda kusugua sauti kwa programu za kuondoa kelele, na nakala iliyosuguliwa kupita kiasi ina kimya cha kaburi kila mahali. Usiitumie hiyo kama ushahidi wa lolote.

Mkono huo ulipita vipi? Pembeni mwa ukanda wa filamu, kati ya picha na yale matundu ya kuvutia, kuna ufito mwembamba wa sauti. Katika mifumo fulani unaonekana kama vistari vya kijivu, vizito na vyepesi. Katika mingine ni kama meno ya msumeno. Taa ndani ya projekta inaumulika, mwanga unaopenya unabadilishwa kuwa sauti. Ukipaka wino mweusi juu ya ufito huo, mwanga haupenyi, na sauti hakuna. Mafundi walikuwa na wino huo mezani kwa kazi halali kabisa: kila palipounganishwa vipande viwili vya ukanda, kiungo kililia "pu!" kwenye spika, basi walikipaka wino kuuficha mlio. Chombo kilekile kiliweza kuficha neno.

Hilo linatuleta kwenye His Girl Friday ya 1940. Filamu hii haikuhuishwa hakimiliki yake Marekani, kwa hiyo kwa miaka mingi kila aliyekuwa na nakala aliinakili na kuiuza. Nakala ya nakala ya nakala, mara nyingi kutoka ukanda mwembamba wa milimita 16 uliozungushwa kwenye vituo vya televisheni mpaka ukachoka. Ukanda ukikatika, fundi anaondoa fremu, yaani zile picha moja moja za ukanda, zilizochanika na kuunganisha. Fremu 24 ni sekunde moja. Akiondoa 12 amekula nusu sekunde, na kwa wale waigizaji wanaosema kwa kasi ya mnada, nusu sekunde ni maneno mawili matatu.

Kuna ushahidi mzuri sana hapo ambao hauhitaji mashine. Katika projekta, kichwa kinachosoma sauti hakiko pale picha inapomulikwa. Kiko chini yake, na ukanda hukifikia baadaye. Kwenye filamu ya milimita 35, sauti ya fremu fulani imechapwa kama fremu 20 mbele ya picha yake. Maana yake, ukanda ukikatwa na kuunganishwa, picha itaruka kwanza, na sauti itaruka baadaye kidogo, chini ya sekunde moja. Kwenye milimita 16 pengo ni fremu 26, zaidi kidogo ya sekunde. Rudisha nyuma nakala yako, tazama pale maneno yanaporukwa: je, kabla tu ya hapo kichwa cha mwigizaji kilihama ghafla kutoka upande mmoja kwenda mwingine? Kama ndivyo, ni kiungo kwenye ukanda uliokwisha kuchapwa. Kazi ya studio haifanyi hivyo. Studio hukata picha na sauti kwenye hasi zake, yaani kanda mama zinazochapiwa nakala, kila moja peke yake, kisha hizo mbili huchapwa pamoja upya. Zinaruka kwa pamoja, au haziruki kabisa.

Sikuambii kwamba kiungo cha namna hiyo hakiwezi kuwa cha mdhibiti. Majimbo kadhaa ya Marekani, kama New York, Pennsylvania, Ohio, Kansas, Maryland na Virginia, yalikuwa na bodi zao za ukaguzi, na Mahakama Kuu ya nchi iliwaruhusu tangu 1915 iliposema filamu ni biashara tu wala hazilindwi na uhuru wa maoni. Uamuzi huo ulitenguliwa 1952. Bodi hizo zilikuwa zikikata nakala zilizoingia jimboni mwao, kwa hiyo filamu moja ilikuwa na sura tofauti ukivuka mpaka wa jimbo. Ndiyo maana nauliza pia: kipi kimekosekana? Ukanda uliochakaa hauchagui. Hukatika mwanzoni na mwishoni mwa mzingo, pale unapoguswa zaidi na mikono, na hula neno la maana na lisilo la maana sawasawa. Mdhibiti huchagua. Ukikuta pengo liko katikati ya salamu za asubuhi, achana nalo. Ukilikuta pale bwana anapofunga mlango wa chumba cha bibi asiye mkewe, hapo una haki ya kushuku.

Sasa niseme jambo ambalo rafiki yako hatalipenda. Udhibiti uliofanya kazi yake vizuri hauachi tundu. Sehemu kubwa ya kazi ya ofisi ya Breen ilifanyika kwenye muswada, kabla kamera haijawashwa. Neno lililofutwa kwenye karatasi halina sauti iliyopotea popote. Na pale walipolazimika kubadilisha filamu iliyokwisha kupigwa, waliziba. Tazama Baby Face ya 1933, Barbara Stanwyck akicheza msichana anayepanda ngazi za benki moja kwa kuwatumia wanaume. Mwanzoni kuna mzee fundi viatu anayemsomea mwanafalsafa Nietzsche na kumwambia waziwazi awatumie wanaume apate atakacho. Bodi ya New York ikaikataa filamu. Studio ikamwingizia mzee maneno mapya, kwamba kuna njia njema na njia mbaya, na njia mbaya ina gharama yake. Yaliwekwa juu ya picha iliyochukuliwa kutoka nyuma ya bega lake, mdomo hauonekani. Mshauri wa uovu akageuka mwalimu wa maadili bila kusogeza kiti. Kwa miaka 70 watu waliitazama hivyo, mpaka 2004 ilipogunduliwa hasi ndefu zaidi katika Maktaba ya Bunge la Marekani ikiwa na maneno ya awali. Hakuna aliyekuwa amelalamika kwamba sauti imepotea, kwa sababu haikupotea. Ilibadilishwa.

Kwa hiyo ukitaka kuwinda udhibiti, kimya kisikushughulishe sana. Tafuta mgongo. Tafuta mhusika anayesema jambo zito la maadili akiwa amegeuka, au kamera imemwonyesha anayesikiliza badala ya anayesema, na sauti ina mwangwi tofauti kidogo na sentensi iliyotangulia.

Nje ya Marekani mchezo huu ulikuwa rahisi zaidi, kwa sababu filamu iliingizwa sauti yote upya kwa lugha ya nchi. Mogambo ya 1953, ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa huku kwetu Afrika Mashariki, Clark Gable akiwa mwindaji, ina mapenzi kati yake na mke wa mtu, aliyechezwa na Grace Kelly. Wadhibiti wa Hispania ya dikteta Franco hawakutaka uzinzi kwenye skrini. Basi katika sauti ya Kihispania wale mume na mke wakafanywa kaka na dada. Tatizo ni kwamba picha ilibaki ileile, kaka na dada wakiishi pamoja kwa ukaribu wa mke na mume, na watazamaji wakaona kitu kibaya kuliko uzinzi. Ujerumani Magharibi nayo mwaka 1952 iliitoa Casablanca bila Wanazi: dakika zipatazo 25 zilikatwa, na Victor Laszlo, mpigania uhuru aliyetoroka kambi ya mateso, akawa mwanasayansi wa Norway aitwaye Larsen. Wajerumani walisubiri hadi 1975 kupata filamu kamili katika lugha yao. Kama diski ya mjomba ina sauti ya nchi nyingine yenye manukuu ya Kiingereza, linganisha maneno na matendo.

Kuna wakati kukosekana kwa sauti ni matokeo ya udhibiti kwa njia ya mzunguko. Spartacus ya 1960 ilikuwa na tukio la bafuni ambapo Laurence Olivier, akiwa Crassus, anamdodosa mtumwa wake Tony Curtis kwa mafumbo ya konokono na chaza, maana yake ikiwa tamaa ya mwanamume kwa mwanamume. Ofisi ya kanuni ilipendekeza hata vyakula vibadilishwe. Mwishowe tukio likaondolewa. Mafundi wa urejeshaji walipolipata kwa toleo la 1991, picha ilikuwepo, sauti haikuwepo. Curtis aliingia studio akayasema maneno yake tena, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60. Olivier alikuwa amefariki 1989. Anthony Hopkins akaombwa amwigize sauti. Amefanya kazi nzuri, ila ukisikiliza kwa makini Curtis ndiye anayejisaliti: uso wa kijana, koo la mzee. Lost Horizon ya 1937 ni kinyume chake: sauti ya dakika zake zote 132 ilipatikana, lakini kama dakika 7 za picha hazikuonekana, wakajaza kwa picha za mnato. Miongoni mwa vilivyokuwa vimekatwa ni maneno ya mhusika mkuu dhidi ya vita, yaliyoonekana hayafai filamu iliporudishwa sokoni wakati wa Vita vya Pili.

Kabla hujapiga hesabu za dakika, jambo moja linalowaponza wengi. Mtu anasoma kwamba filamu ni dakika 100, diski yake inaonyesha 96, anaanza kutafuta dakika 4 zilizoibwa. Televisheni zetu za Afrika Mashariki zilifuata mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, na filamu ya fremu 24 iliharakishwa tu ili ilingane. Hakuna kilichokatwa, sauti za watu zimekuwa nyembamba kidogo.

Na simu yako. Faili nyingi za sasa zina sauti ya chaneli sita, na mazungumzo hukaa kwenye chaneli ya katikati. Programu isiyojua kuzichanganya hucheza kushoto na kulia tu: muziki upo, watu wamenyamaza. Wakati mwingine chaneli mbili zina sauti ileile lakini moja imepinduliwa; ukisikiliza kwa vipokea sauti mazungumzo yapo, kwenye spika moja ya simu mawimbi yanafutana na yanatoweka. Jaribu programu nyingine ya kuchezea, au katika mipangilio yake chagua sauti ya stirio, kisha chaneli moja pekee. Na kama ni video ya mtandaoni ambayo sauti yote imezimwa kwa dakika kadhaa palipo na wimbo, hiyo ni mashine ya hakimiliki ya jukwaa husika.

Kwa Frankenstein na Dracula, tafuta toleo lililorejeshwa la Universal, ukiwa makini na yale ya bei poa yasiyotaja chanzo. Kwa His Girl Friday kuna matoleo mazuri yaliyotokana na hasi za milimita 35. Ukiipata Frankenstein mpya, nenda moja kwa moja kwenye maabara: baada ya kelele za "yu hai", usisikie radi tu, unatakiwa kusikia neno Mungu mara tatu ndani ya sekunde chache, mara ya kwanza kutoka kwa mwenzake, mara mbili kutoka kwa Henry mwenyewe.